Kanda Nane Kati ya Msambweni na Diani

Jumatatu, 8 Machi 1999

Siku kumi na moja zimebaki. Ijumaa ya tarehe 19 miezi yangu sita ya majaribio inakwisha, na Bi Veronicah, ofisa wa wafanyakazi hapa hotelini, ataamua kama nitaajiriwa ukarani au nitarudi Samburu kuchunga mbuzi wa baba. Amesema hataki kusikia lalamiko hata moja juu yangu. Nimekusudia nisisikike kabisa.

Furaha yangu ni moja tu. Kabati la vitu vilivyosahauliwa na wageni liko mikononi mwangu, na kanuni ni kwamba kisichodaiwa kwa miezi mitatu huwa chake anayelitunza. Nimepata redio ya kaseti ya mfukoni, visikizi vyake, na kanda nane. Ni kitabu cha vijana, kimesomwa chote kwa sauti na mama wa Kiingereza asiye na haraka. Kuna Poli, miaka kumi na minne, na farasi wake mzee, kipofu, ambaye baraza la kijiji linataka apigwe risasi. Mimi nina miaka ishirini na tatu na diploma. Juu ya boksi nimebandika karatasi: MAFUNZO YA UKARANI, HATUA YA PILI.

Basi la hoteli hutumia dakika arubaini na tano kutoka Msambweni hadi Diani. Upande mmoja wa kanda. Kama zilizopimwa!

Ila leo kumetokea jambo. Bi Kache, mkuu wa dobi, mkubwa wetu sote, aliketi mbele yangu nami sikumwamkia. Sikumwona. Nilikuwa zizini na Poli. Aligeuka akaliuliza basi zima, kwa sauti iliyopenya hadi visikizini, mtoto huyu amelelewa na mama au amelelewa na redio.

Lalamiko la kwanza hilo. Usingizi hauji.

Jumanne, 9 Machi

Mpango. Kuwaamkia wote kabla ya kuvaa visikizi. Nimefika kituoni mapema, nimetoa shikamoo kumi na nne, mbili kati ya hizo kwa watu walionipita kwenda hospitali. Bi Kache ameitikia marahaba kwa pua. Nikavaa visikizi, roho safi.

Sikuwakumbuka wanaopandia Gazi.

Mzee Tsuma, mtunza bustani, miaka sitini na ushei, alisimama kando yangu akichezesha midomo. Nikadhani nimeamkiwa. Nani ataniamkia mimi? Sikuwa na nafasi ya kufikiri, farasi alikuwa akitumbukia mtoni. Nikaitikia, “Marahaba!”

Kwa Mzee Tsuma. Na kwa kuwa mwenye visikizi hajui kipimo cha sauti yake, kumbe niliitikia kwa ukelele. Quincy wa baa, aliyetoka Nakuru na huona kila kitu ni mchezo, ndiye aliyenieleza wakati wa chakula cha mchana. Alisema Mzee alikuwa ananiuliza tu kama kiti kina mtu. “Umemfanya mzee mtoto wako, buda! Sasa mlipie karo.”

Nimekwenda bustanini kuomba radhi. Mzee akasema hapana neno, baba. Ameniita baba! Sijui amenisamehe au amenitukana.

Jumatano, 10 Machi

Mpango bora zaidi. Neno lolote linaweza kukosewa, basi nisiseme neno. Yeyote akinitazama, naweka mkono kifuani, natabasamu, natikisa kichwa kukubali. Adabu tupu.

Imefaulu! Watu walizungumza sana leo, midomo ilikuwa ikienda kila upande, na mara tatu nyuso zote zilinigeukia. Mara tatu nikaweka mkono kifuani. Tulipofika, Mzee Tsuma alinipiga bega. Bi Kache alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikujua adabu ina nguvu hivi.

Upande wa pili wa kanda ya nne, baraza limemwita Poli.

Alhamisi, 11 Machi

Sielewi. Nimewekewa kiti cha mbele. Mke wa dereva ameniletea mahamri yangali moto. Bi Kache amesema shati hili halifai kwa kesho, akanivua na kulipiga pasi yeye mwenyewe, nami nimekaa stoo ya dobi kifua wazi kwa robo saa. Kesho kuna nini? Niliogopa kuuliza. Anayeuliza ameonyesha kwamba hakusikiliza.

Nilimwuliza Quincy. Akacheka hadi akainama. “We ni noma, Chengo. Unajifanya hujui!”

Zaidi ya hayo betri zimechoka. Poli amekuwa na sauti ya mwanamume mwenye mafua. Nimezianika dirishani juani hadi saa tisa, zikapata uhai wa kunifikisha Msambweni. Nimesikiliza hotuba ya Poli mbele ya baraza mara nne. Nimelia, nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 12 Machi

Ole wangu.

Saa nne Bi Kache alinishika mkono wa shati akanipeleka hadi mlango wa Bwana Duncan, meneja. Nyuma yetu madobi, wapishi, watunza bustani. Hapo ndipo nilipoambiwa, kama mtu anayekumbushwa. Hoteli inataka kuliuza basi, kila mfanyakazi ajitafutie njia. Jumatano waliulizana nani ataingia kwa meneja kulitetea. Kila mtu alitazama viatu vyake. Chengo peke yake alikubali. Mara tatu, mkono kifuani!

Nilitaka kusema sikusikia. Lakini kusema sikusikia ni kusema sikuwa nikiwasikiliza wakubwa, na hilo ni lalamiko la tatu. Nikaingia.

Bwana Duncan mezani. Kando yake, na kalamu, Bi Veronicah. Niliambiwa nina dakika mbili. Kichwani hamkuwa na kitu ila Poli. Kwa hiyo nikatoa Poli, kwa Kiingereza chake kilekile, neno kwa neno. Nikasema ametubeba mgongoni tangu alipokuwa na nguvu. Nikasema haoni vizuri, lakini anaijua njia ya nyumbani. Nikasema asiyeweza kumlisha mzee wake asijiite mwungwana. Nikasema, huku machozi yakinitoka, kama mnampiga risasi, nipigeni mimi kwanza.

Bwana Duncan akauliza ni nani anayepigwa risasi.

Nikasema basi, bwana.

Jumamosi, 13 Machi

Basi haliuzwi! Angalau hadi mwisho wa mwaka. Bwana Duncan amesema hajapata kusikia mtu akiliombea gari namna hiyo na hataki kusikia tena. Basini wameimba. Bi Kache amesema Kiingereza hakijui, ila ile sauti ilimkumbusha marehemu mumewe.

Mimi sijaimba. Wakati wote ule Bi Veronicah alikuwa akiandika. Kwa nini kurasa mbili?

Alhamisi, 18 Machi

Asubuhi Bi Veronicah amepanda basi letu na kuketi ubavuni mwangu. Hajawahi! Nilikuwa kwenye kanda ya nane, upande wa mwisho, farasi amepotea, Poli yuko mvuani. Kuvitoa visikizi mbele yake ni kukiri kwamba nilivivaa. Nikavificha chini ya kofia. Alizungumza tangu Gazi hadi Diani. Nikatabasamu, nikaweka mkono kifuani. Akanipa karatasi, nikatia sahihi.

Farasi amepatikana. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 19 Machi

NIMEAJIRIWA! Barua ninayo. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa.

Karani, kambi mpya ya hoteli huko Vanga, “kwa ombi lake mwenyewe”. Ombi gani? Bi Veronicah amesema wenzangu wanne walikataa wakilia, na mimi nilikubali kwa tabasamu. Bi Kache amenikumbatia kama anayenizika. Lori la kambi litanichukua Msambweni saa kumi na moja alfajiri na kunirudisha jioni. Barabara ni matope matupu mvua ikianza, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Nimekaa mbele ya kabati kutafakari. Kumbe Jumatatu boksi jingine linatimiza miezi mitatu. Kanda kumi na mbili, ndugu wawili na mlima. Saa nne kwa siku! Wala sihitaji mpango mpya. Huu wa mkono kifuani umenipatia kazi.

Jioni Fondo, dereva wa lori, amekuja kwangu kunieleza habari za safari. Ameeleza kirefu, kwa mikono, mara kama anayechimba, mara kama anayesukuma. Nilikuwa narudia kanda ya nane. Nimemwitikia kila mara, naye amefurahi mno, amenishukuru, ameondoka.

Ameniachia jembe na sepetu mlangoni. Sijui vya nani. Nitaviandika kwenye daftari la vitu vilivyosahauliwa.