Uzinduzi wa Stesheni ya Wirrabilla

Mheshimiwa Mbunge ambaye hakuweza kufika, mwakilishi wake ambaye naye yuko njiani, Padri, Sajenti, bwana mwenye baa, mke wangu mpendwa, mabingwa wa kukata manyoya ya kondoo mlio macho na mliolala, wageni waalikwa, nanyi wengine mliokuja kwa ajili ya pai za nyama: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja, mke wake.)

Mimi, Neville Trengrove, Mwenyekiti wa Halmashauri yenu kwa vipindi vinne mfululizo, nimesimama mbele ya pazia hili jeupe, ambalo nyuma yake, baada ya mchakato mrefu na shirikishi wa upembuzi yakinifu, uratibu, uratibu wa uratibu na kuwajengea uwezo wadau, ziko ndoto zenu. Naomba asichungulie mtu. (Kel Petrie, fundi wa pampu, aliyekuwa ameshainama, anajifanya anafunga kamba za buti.)

Kwanza nijibu maneno ya baa. Wako wanaosema tulibomoa kibanda cha zamani cha abiria ili kupisha stesheni mpya, na tangu hapo treni inatupita kama haitujui. Watu hao hawajui hata stesheni ni kitu gani. Mimi nimekaa na kamusi, na nawaambia kwamba lugha yetu hii ya Kiingereza ni tajiri kuliko halmashauri. Shamba la Glenora, na kondoo wake wote wale, tunaliitaje? Stesheni. Anapokaa Sajenti na mbwa wake? Stesheni. Tunaponunua petroli na barafu? Stesheni. Mahali mnaponipigia kura, stesheni. Redio inayotutangazia mvua isiyokuja, nayo ni stesheni. Padri ana picha kumi na nne za mateso ya Bwana ukutani, na kila moja inaitwa stesheni. (Padri anasema kwa sauti ndogo kwamba ya kumi na tano ndiyo hotuba hii.) Hata cheo cha mtu duniani ni stesheni yake, na yangu mnaiona. Ukizijumlisha zote kitaalamu, mkazi wa Wirrabilla, akiwemo mtoto mchanga, anamzidi mkazi wa Sydney kwa stesheni. (Kel anauliza ni ipi kati ya hizo inayompeleka mtu hospitali.)

Swali zuri. Nitalijibu kwa maandishi.

Nimepokea pia lalamiko la Bi Merle Hanrahan, mwalimu wetu mstaafu, yule pale aliyekalia sanduku lake. Jicho lake moja limeshazima, na la pili daktari wa pwani ametaka alione kesho, la sivyo litabaki la kupambia uso. Kwa barabara hawezi kwenda, kwa kuwa barabara imefungwa kwa ukarabati, ambao pia niliuzindua mimi. Sasa Bi Merle anadai kwamba wiki iliyopita alisimama kando ya reli kama walivyofanya babu zetu, akapunga leso, kwa sababu huku treni husimama ikipungiwa kitambaa cheupe, na haikusimama. Dereva amejieleza. Zamani akikiona kibanda alikuwa anapunguza mwendo na kutazama kama kuna mtu. Siku hizi hakuna cha kumpunguzisha, na leso kwa mwendo ule ni kama kipepeo. Kwa hiyo, ndugu wananchi, hili ni suala la kiufundi linalohusu ukubwa wa leso, na nimeliundia kamati. (Bi Merle anasema, "Neville, mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma. Watu wa Wirrabilla, mnisamehe.")

Nashukuru kwa pongezi hizo, Mwalimu. Nikienda kwenye takwimu, mradi umefikia asilimia tisini na saba ya utekelezaji, ukiondoa ujenzi. (Honi ya treni inasikika kwa mbali. Watu wanageuka.) Msigeuke. Hiyo imo kwenye ratiba. Asilimia tatu zilizobaki ni za kimkakati, nazo zitategemea, zitategemea, Bi Merle, kaa kwanza, utepe tutaukata baada ya kaulimbiu. Kel, mwachie mkono. Kel, nasema na wewe. Pazia hilo ni mali ya... (Pazia linashuka. Nyuma yake kuna reli, vumbi, na kondoo mmoja wa Glenora anayetafuna. Kel ameshika pembe moja ya pazia, Bi Merle nyingine, na wanalipunga mpaka linajaa upepo kama tanga. Breki zinalia. Treni inasimama. Kel anampandisha Bi Merle na sanduku lake, na hakuna anayepiga makofi mpaka mlango umefungwa.)

Ndugu wananchi, mmejionea. Treni imesimama, na kamusi inasema inaposimama treni ndipo stesheni. Natangaza rasmi kwamba imefunguliwa. Nikisema Wirrabilla, mseme mbele. Wirrabilla. (Kondoo analia.) Kazi, ubunifu, Trengrove. (Watu wako kwenye pai.) Kwa kumalizia, namshukuru mkandarasi, ambaye tutamtafuta, mhandisi, kwa ramani atakayochora, na mke wangu, kwa kutuazima shuka letu la kitanda, ambalo ndilo mradi wote, na sasa naomba lirudishwe. (Mke wake anasema lisirudishwe. Lifungwe pale pale kwenye nguzo lilipokuwa limetundikwa, msafiri wa Ijumaa atalihitaji.)