Dawa Iliyolala Duka la Soda

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa chochote, ila macho yake yalikuwa na shahada. Aliliona sanduku la baridi juu ya pikipiki nje ya kliniki ya saratani, dereva akiwa ndani anatafuta wa kumsainia. Akalihurumia lilivyoachwa peke yake, akaondoka nalo.

Kesho yake wagonjwa wakaambiwa dawa haijafika. Mtaalamu, koti na tai, akawasubiri kwenye kona na pole nyingi mdomoni. Akamvuta pembeni msichana aliyekuja na shangazi yake, mama mwenye saratani ya titi iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini.

"Dawa ya kingamwili hii, dada yangu. Zile za zamani zinapiga mtaa mzima. Hii inajua adui anakaa nyumba gani, inagonga mlango huo tu."

Daktari alikuwa amewaeleza karibu hivyo hivyo, baada ya kipimo kuonyesha kuwa uvimbe wa shangazi una alama ambayo dawa hiyo huitafuta. Tapeli anayesema kweli ni jambo la kutilia shaka. Msichana akahisi kwamba na dawa yenyewe ni ya kweli, tena ni ile ile waliyonyimwa asubuhi. Akaomba aione.

Wakamwacha shangazi kwenye benchi, wakaenda duka la soda, ambako Mtaalamu alikuwa amekodi nafasi kwenye jokofu. Sanduku lilikuwa na jina la kliniki ubavuni. Ndani, kando ya vichupa, kidude kidogo kilikuwa kikimulika taa ya kijani.

Msichana hakuzoea kudanganya. Sauti ikamtetemeka, na kutetemeka huko kukamfaa sana.

"Kaka, hicho kinachomulika unakijua?"

"Urembo wa kiwandani."

"Kinawaambia sanduku liko wapi. Sasa hivi wako njiani."

Mtaalamu akawakumbuka mke na watoto, ambao hakuwa nao. Akamsihi amwondolee balaa hilo. Msichana akasema anaogopa. Akapewa nauli ya teksi. Akasema bado anaogopa. Mtaalamu akavua koti, akalifunika lile jina, akamfungulia na mlango wa gari.

Kliniki, mfamasia alikisoma kidude, ambacho kazi yake ni kupima joto tu. Usiku kucha baridi haikupanda wala kushuka. Alikiri kwamba jokofu lao wenyewe halijawahi kutulia hivyo.

Kabla ya adhuhuri shangazi alikuwa kitini, dripu ikishuka polepole. Alijua haimponyi kabisa. Inampa muda, na muda alikuwa na matumizi nao mengi. Aliposimuliwa kisa, alitoa amri.

"Huyo kijana atafutwe."

"Afungwe, shangazi?"

"Aajiriwe."