Memori Niliyoipima kwa Rula

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya Mwalimu imezidi sasa. Mwalimu ni mke wangu; mtaa mzima unamwita hivyo, nami nimefuata. Leo kabonyeza faili la alama za wanafunzi wake mia mbili na kumi, akaenda kuchemsha chai, akanywa, akaosha kikombe. Faili bado linafunguka! Na alama lazima zifike shuleni Jumamosi kabla ya saa tatu. Muhula uliopita alichelewa, mkuu wa shule akamwambia mbele ya walimu wenzake kwamba akirudia, idara ya mitihani atapewa mwingine.

Anataka kumwita kaka yake, fundi wa kompyuta. Nikamwambia wa nini, na mume yupo? Akanitazama muda mrefu. Heshima hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Kampigia kaka yake hata hivyo. Usaliti! Shemeji kasema mashine ni ya zamani, iongezewe memori, ila tusinunue chochote kabla ya kusoma namba iliyochapwa kwenye ubao mama, lile bamba la kijani ambalo kila kitu kimechomekwa humo. Halafu tutafute kijitabu chake, kinaeleza inakubali memori ya aina gani na kiasi gani. Yeye atakuja Ijumaa.

Ijumaa! Kwa ajili ya kijitabu! Huyu hata pakiti ya chumvi huisoma kwanza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na shemeji ana upara.

Nimefungua mwenyewe. Vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nikachomoa kijiti cha memori, nikakipima kwa rula ya Mwalimu: sentimita kumi na tatu na milimita tatu. Nikaandika kiganjani. Utafiti umekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji kauliza nataka kizazi cha pili, cha tatu au cha nne. Nikamjibu sikuja kuposa, nataka memori ya sentimita kumi na tatu na milimita tatu. Akasema iliyofunguliwa hairudishwi. Nikamwambia aliyepima harudi.

Kanipa ya kizazi cha tatu, yenye nguvu mara nane ya ile ya zamani. Nikaipima palepale kaunta. Sawasawa kabisa! Wateja walinikodolea macho. Nilitoka kifua mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Imegoma kuingia. Kwenye meno yake ya dhahabu kuna kijipengo, na kijipengo hicho hakikai mahali penye kigingi cha mfereji wake, ule ufa wa kuichomekea kwenye ubao mama. Kimepishana kidogo tu. Uzembe wa kiwandani! Mwingine angekata tamaa. Mimi nina tupa.

Nikalisugua pengo kwa tupa hadi likapanuka. Nikabonyeza kwa vidole gumba viwili. Kha! Ikaingia. Nikawasha. Mlio mmoja mrefu, harufu ya plastiki inayoungua, kisha kimya. Nikarudisha ile ya zamani palepale. Kimya. Kigingi chenyewe nimekikuta sakafuni.

Mwalimu aliporudi nikamwambia kompyuta inapumzika kabla ya kazi kubwa. Akaketi. Akasema alama zile ni za mitihani aliyosahihisha wiki tatu, na hana nakala nyingine popote. Hakugomba. Bora angegomba. Nimeona vibaya sana, naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja. Kanusa. Kaangalia mezani, kisha kaniomba nimwonyeshe tupa. Sijui kajuaje.

Akauliza kijitabu kiko wapi. Mwalimu akainama, akakichomoa chini ya mguu wa meza. Nilikiweka mimi, miaka sita iliyopita, kwa sababu meza ilikuwa inacheza. Meza ikacheza. Chai yote ikaishia kwenye suruali yangu.

Ukurasa wa kumi na mbili: kizazi cha pili peke yake. Shemeji akaeleza kwamba vizazi hivyo vyote vina urefu mmoja, ndiyo maana pengo likawekwa mahali tofauti, watu wasichomeke kisichofaa. Alisema “watu” huku akiniangalia mimi.

Bahati, mfereji wa pili ulikuwa mzima. Akatoa mfukoni vijiti vya kila kizazi, akachagua cha pili, chenye uwezo kuliko kile cha zamani, akachomeka kwa kidole kimoja. Majivuno tu! Ikawaka. Faili likafunguka kabla sijamaliza kujipangusa. Mwalimu akalia, akamkumbatia kaka yake. Mimi nilikuwa karibu palepale, mikono wazi.

Jumamosi, 8 Machi

Alama zimefika saa mbili na nusu. Mkuu wa shule kampongeza, idara inabaki kwake. Karudi anaimba, akabandika karatasi kwenye kompyuta: ISIGUSWE. Vizuri sana, shemeji ana mikono mizito. Kijitabu nimekirudisha chini ya meza, maana bado inacheza.

Jioni mama mkwe kapiga simu: kompyuta yake nayo imekuwa nzito, amtafute mwanawe? Nikamwambia asimsumbue, mkwewe nipo, nitafika kesho asubuhi.

Kosa la juzi nimeshaligundua. Rula ya Mwalimu imelika ncha. Nimenunua rula ya chuma, na tupa kubwa zaidi.