Taa Kali Kuliko ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Bosi wa bekari katangaza: anataka mtu wa kupeleka mikate hospitalini kwa baiskeli kabla hakujapambazuka. Lazima awe na taa. Majaribio Alhamisi. Tumejitokeza wawili, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Nikiipata hiyo zamu naagana na chumba cha unga. Miaka minne ya vumbi puani! Lazima niipate.

Jumanne, 4 Juni
Kwa fundi baiskeli. Kaniuliza mzigo naufunga wapi. Nikamwambia hayo hayamhusu, anionyeshe taa kali kuliko zote. Nikaziwasha saa sita mchana, nikazikodolea macho moja moja. Ya nne ilinifanya nione madoa ya kijani hadi jioni. Hiyo hiyo! Shemeji kachukua kitaa kama kizibo cha soda, eti fundi kamshauri. Masikini, nilimwonea huruma.

Jumatano, 5 Juni
Nimeifunga katikati ya usukani. Jirani kaja kulalamika kwamba chumbani kwake kumekucha. Raha iliyoje! Mke kasema kaka yake kafunga yake chini, kwenye foki ya gurudumu la mbele. Nimecheka mpaka nikapaliwa. Anatafuta sisimizi? Kanishauri nijaribu kwanza na kreti la mikate. Nikamjibu kwamba nilipanda baiskeli yeye hajazaliwa. Kanikumbusha kuwa kanizidi miaka miwili.

Alhamisi, 6 Juni
Giza tororo. Bosi kasimama mlangoni. Kreti likafungwa mbele ya usukani, nikawasha taa. Mikate ilionekana vizuri mno, hata ufuta ungeweza kuuhesabu. Barabara sikuiona. Kushuka mbele ya shemeji? Thubutu! Nikakaza mwendo. Mtaro ulikuwa kushoto. Mikate arobaini majini, na mimi juu yake.
Shemeji alienda na kurudi chai haijachemka. Zamu kapewa yeye, mimi nimerudishwa kwenye unga. Imeniuma, sifichi. Nimelia kidogo nyuma ya magunia.

Ijumaa, 7 Juni
Goti limevimba. Mke akilikanda kaanza ile ya asiyesikia la mkuu, nikamkata kauli. Anasema kreti liliziba taa. Bosi naye anasema hivyo hivyo. Hata shemeji, tena bila kunicheka. Wote hao umeme hawaujui. Taa ilikuwa dhaifu, basi. Nimechechemea hadi kwa fundi kumwagiza yenye nguvu mara mbili, ile itakayopenya mikate.