Meza ya Kompyuta Iliyonifungia Ndani Siku ya Posa

Jamaa, leo nimeadhirika. Na nimeadhirika mbele ya wakwe. Naandika haraka kabla mke wangu hajanyanyua simu ya chini akanikata intaneti, maana laini ni moja.

Kompyuta yangu ina monita ile ya zamani, yenye mgongo kama friji. Meza yake ya kwanza niliinunua dukani, ya kuunganisha mwenyewe. Ikavumilia kidogo, ikaanza kuinama kama mtu anayetafuta pete chini ya kochi, siku moja ikalala kabisa. Nikaapa kwamba safari hii naunda yangu, ya mbao hasa. (Kazi yangu ni kupakia mizigo kwenye ghala huko Hayes. Ujuzi wangu wote wa mbao ni kuvunja makreti.)

Nikanunua ubao wa kaunta ya jikoni, mzito, wa kubebwa na watu wawili. Miguu nikaifanya kwa nguzo za uzio wa bustani. Nikakata kila kitu uani, kisha mbao zikakaa sebuleni kwetu Hounslow muda mrefu hata mke wangu Asha akaanza kuzitandikia kitambaa na kuziwekea maua.

Sasa leo ilikuwa siku ya posa ya mdogo wangu Zuhura. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wake ni mimi. Wageni walikuwa wanatoka Croydon, watafika baada ya adhuhuri. Asubuhi Asha akanisimamia na ufagio mkononi.

"Baba Salma, wageni wakija hizi mbao nisizione."

"Hutaziona."

"Zipeleke juu, uziegemeze ukutani basi. Usianze ufundi leo."

Nikasema sawa. Nilisema kwa moyo safi kabisa. Lakini zilipofika juu, kwenye kile chumba kidogo ambacho Waingereza hukiita cha maboksi, zikanitazama. Keekee ilikuwa pale pale, imeshachajiwa. Nikafunga mlango ili vumbi lisishuke kwenye biriani, nikapima, nikaanza.

Nikalaza ubao kutoka ukuta hadi ukuta, nikaunga na kipande chake cha pili, kikazunguka pembeni mpaka karibu na mlango. Skrubu ndefu nikazizamisha ndani ya ukuta. Kila kiungo nikakimwagia gundi, vichwa vya skrubu nikaviziba visionekane, nikapiga msasa. Nilipomaliza nikapanda juu nikarukaruka. Meza haikutikisika. Nyumba ndiyo iliyotikisika.

Nikasikia kengele ya mlango, na chini sauti za salamu. Nikajipangusa vumbi la mbao, nikavuta mlango nishuke kupokea wageni.

Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono, ukagonga mguu wa meza. Ko.

Nikavuta tena. Ko.

(Ndiyo. Mlango ule hufungukia ndani. Nimeishi nyumba hii miaka. Nilipima ukiwa umefungwa.)

Asha akapanda ngazi mbio. Kwenye upenyo nikaona jicho lake moja. Lilitosha.

"Umefanya nini?"

"Usipige kelele. Meza imekuja mbele kidogo."

"Fungua skrubu."

"Nimeziziba."

"Basi ikate."

"Niikate? Asha, hebu itazame kwanza ilivyotulia."

"Naiona. Imesimama baina yangu na mume wangu."

Msumeno ulikuwa kwenye kibanda cha bustani, na huko huendi bila ya kupita sebuleni. Asha akasema hawezi kukatiza mbele ya wakwe siku ya posa ameshika msumeno. Nikaona ana haki. Akashuka kuwaambia kwamba nasali.

Baadaye akaja Zuhura mwenyewe, amevaa, amepakwa hina, ananukia udi. Nilijisikia vibaya sana kumwona vipande vipande.

"Kaka, watu wameshakunywa chai mara mbili. Wanauliza."

"Waambie naongeza sunna."

"Hata Ramadhani hujawahi kusali hivi." Akausogelea upenyo. "Wataona hatuwataki. Wataondoka, kaka."

Hapo mzaha ukaniisha. Niliposikia mdogo wangu anakaribia kulia, nikaisukuma ile meza kwa bega, kwa mgongo, kwa miguu. Haikunijali. Nikafikiria kufungua bawaba za mlango. Nikapitisha mkono wote kwenye upenyo mpaka begani, shavu limebanwa kwenye mbao, nikawa napapasa upande wa nje.

Bawaba ziko ndani, nyuma ya meza, mkono haufiki. (Hilo nalo nimelijua leo.)

Na nyumba za huku choo kiko juu. Mzee Shaame, mshenga, Mpemba mzima wa heshima zake, ndevu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, akawa amepanda kwenda kujisaidia. Akakuta mkono unatoka mlangoni, unapapasa ukuta.

Nikasikia kiganja kikavu kinaushika mkono wangu, kinautikisa taratibu.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye walii?"

"Ndiye mimi."

"Umefungiwa?"

"Nimejifungia."

"Na nani?"

"Na meza."

Hakuuachia mkono wangu. "Mwanangu, tumetoka Croydon kwa treni na mabasi. Haja yetu hatutarudi nayo." Akawaita wenziwe.

Wakapanda wote. Wanaume wakajipanga ukumbini juu, mama wa bwana harusi akakaa kwenye ngazi, buibui mdomoni, mabega yanamcheza. Mzee Shaame akakohoa, akatoa hotuba ya posa kwa ukamilifu wake, hamdu na sala, sifa za kijana na ukoo wake, akiuhutubia mkono. Mimi nikajibu kutoka ndani, nikasema tumepokea kwa furaha ila lazima tumuulize mwenyewe.

Zuhura akajibu kutoka chini ya ngazi, bila ya haya yoyote.

"Nimekubali. Hata kesho. Bora nitoke nyumba hii."

Ikasomwa fatiha. Mkono mmoja niliuinua kwa dua nje, mwengine ndani.

Baada ya hapo Mzee Shaame mwenyewe ndiye aliyeuomba msumeno, akanipitishia upenyoni kama mtu anayempelekea mfungwa chakula. Wakashuka kula. Nikakaa nakata meza yangu huku nasikiliza vijiko, na Asha akiwabembeleza watu waongeze. Ubao wa kaunta ya jikoni, ndugu zangu, haukatiki. Nilinunua kitu cha maana sana.

Pembe ilipoanguka na mguu wake, nikateremka mbio, ndevu zimejaa vumbi. Wageni walikuwa mlangoni wanavaa viatu. Mama wa bwana harusi akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe una mwili mzima," akasema.

Wanaume wote wakageukia viatu vyao. Mzee Shaame akanikumbatia, akaniambia posa amekwenda nyingi lakini hii ataisimulia. Sina shaka.

Sasa nimekaa kwenye meza hiyo hiyo. Imeng'atwa pembeni, lakini monita iko juu yake na haitingishiki hata kidogo. Zuhura ameshaanza kuniongelesha, nusu nusu. Harusi ipo. Nawaomba sana msicheke. Atakayecheka hapati kadi, na Asha ameshakosa yake.