Dada Selina Lazima Avione Visiwa

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Sikukuu ya Karume, na hapa Picha ya Ndege, Kibaha, hakuna mteja. Kiwanja nilichokinadi mwezi uliopita kuwa kina mandhari tulivu leo kina vyura. Udalali ni kazi ya kiangazi.

Jana nilikwenda Maneromango kwa Dada Selina. Alinikaribisha chai, akaimimina mezani, pembeni kabisa ya kikombe, na akaendelea kumimina huku akiniuliza habari za Kibaha. Nikasema habari nzuri.

Ni presha ya macho. Daktari amemwambia kilichopotea hakirudi, dawa inachelewesha tu. Anaona mbele kidogo, pembeni kote giza, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alinieleza kama anayeeleza bei ya mihogo.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki kule Kishapu, yeye mwenyewe alikuwa bado binti, akaacha shule ili mimi niende. Alipoolewa na mwinjilisti akahamia Maneromango, nilikuja naye kama sehemu ya mizigo. Sasa shemeji hayupo, watoto wako mbali, na Dada yuko peke yake na kuku na shamba.

Na hajawahi kuiona bahari! Maisha yote hayo katika mkoa unaoitwa Pwani! Mimi nimeiona, kwenye kivuko cha Kigamboni, ingawa nilikuwa nimefumba macho.

Nimeamua. Dada ataiona bahari na visiwa vyake kabla ya giza. Na ataviona kwa meli, akiwa amekaa kama mke wa waziri. Kwa nini meli? Kwa sababu Abdulwahab, dalali mwenzangu wa kijiwe cha ng'ambo, alimpeleka mkewe Unguja kwa boti ya kawaida, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumua hapa kijiweni kwa majigambo yake.

Jumatano, 9 Aprili

Mungu yupo! Kuna meli ya utalii inayozunguka visiwa vitatu, watu wanalala humo humo, wanarudi kesho yake. Kwa kuwa ni masika bei imeshuka sana. Hata iliyoshuka siiwezi. Lakini chini kabisa ya tangazo: atakayeleta abiria kumi, yeye na mwenzake wanasafiri bure, tena kwenye chumba chenye dirisha la baharini.

Dirisha! Dada ataketi na kile kibomba chake cha kuonea, na visiwa vitapita mbele yake kimoja kimoja.

Safari ni siku ya Muungano. Abiria kumi si kitu. Mimi nimewahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, japo kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda Maneromango kumwona Mama Bertha, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama kanisani kwa Dada. Aliuliza kama melini kuna ibada. Nikasema asubuhi na jioni. Akaleta nusu ya kwaya.

Masanja, mfugaji wa huko nyuma ya Mlandizi, mtu wetu wa nyumbani, aliuliza kama kuna nyama. Nikasema wanachoma mchana kutwa. Amekuja na kaka zake wawili.

Bi Kidawa wa duka la kanga anataka wanawake wakae peke yao. Nikamwambia wana ghorofa yao nzima, mwanamume hakanyagi. Akafurahi, akamwandikisha na binti yake.

Dada nilimweleza mwisho. Nilimtangazia palepale nje ya kanisa, mbele ya kwaya yote, wakapiga vigelegele. Dada alitabasamu. Akauliza nani atawafungia kuku.

Jumatano, 16 Aprili

Mazoezi ya mawimbi. Nimesikia mwili unaweza kufundishwa. Nikaingia shule ya chekechea jirani, nikapanda bembea, nikafumba macho, nikajisukuma kwa nguvu.

Nimetapika kwenye kibustani chao cha mchicha. Mwalimu alinifukuza kwa ufagio. Watoto walipiga makofi.

Abdulwahab ameshasikia. Yeye ni mtani wangu, Mzaramo wa Mlandizi, kwa hiyo siwezi kukasirika hadharani. Alisimama katikati ya kijiwe akauliza tangu lini Msukuma akaijua bahari, au nimeambiwa ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Watu walicheka sana. Hata muuza maji ambaye nilikuwa nimemlipa.

Jumanne, 22 Aprili

Balaa. Baada ya Pasaka mwanakwaya mmoja amejitoa. Mumewe ameota ndoto ya maji. Nimebakiwa na pengo la mtu mmoja, na wenye meli wanafunga majina kesho. Bila kumi, mimi na Dada hatupandi, na hao tisa wanakwenda kula raha niliyoitafuta mimi!

Niliwaendea watu wote. Fundi baiskeli. Mjumbe. Mchungaji. Hakuna.

Jioni nikaenda kwa Abdulwahab. Naandika hili nikiwa na aibu. Alinikalisha, akaniagizia soda, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yuko tayari kuja, tena analipa taslimu, ila kwa sharti moja: chumba chenye dirisha kiwe chake.

Nilikataa. Nilisimama. Nilifika hadi barabarani.

Nikarudi.

Nimempa dirisha. Lakini bahari ni kubwa. Itaonekana kutoka popote.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemleta Dada. Barabara ya Maneromango imegeuka uji. Pikipiki ilituangusha mara moja, polepole, kama inayotutua. Dada aliinuka na matope hadi kiunoni, cha kwanza akaniuliza mimi nimeumia wapi.

Amebeba mihogo ya kuchemsha, blanketi, na gauni lake la harusi ya mwanawe. Kuku amewaachia majirani. Alipoingia kwangu aligonga mlango kwa bega, halafu meza, halafu mlango tena. Nilijifanya natafuta kiberiti.

Sijamwambia habari za dirisha.

Jumapili, 27 Aprili

Ngoja niseme yote.

Jana asubuhi bahari ilikuwa ya kijivu, na upepo. Nikameza kidonge cha kichefuchefu. Nilipoona jinsi meli inavyopumua pale gatini, nikameza kingine. Abdulwahab aliponipita akibembeza ufunguo wa chumba chake, nikameza kilichobaki.

Tuliwekwa chini, karibu na injini, kwenye benchi. Hapakuwa na dirisha. Dada aliuliza bahari iko upande gani. Nikamwambia kote, Dada. Akageuza kichwa polepole huku na huku, na kile kibomba chake, akaona ukuta.

Nilitaka kumpandisha juu. Nilisema nipumzike kidogo kwanza.

Nilipoamka tulikuwa tumerudi gatini.

Mengine nimesimuliwa. Kwamba mawimbi yalikuwa makubwa, nahodha akasema hawezi kutia nanga kisiwa chochote, akazunguka kimoja tu kwa mbali na kugeuza. Kwamba hata usiku hatukulala humo, tulirudishwa jioni ile ile. Kwamba Mama Bertha alianzisha ibada kwenye ghorofa ambako Bi Kidawa alikuwa anawafukuza wanaume. Kwamba Masanja aliomba nyama akapewa maharage, na alipouliza mimi niko wapi wakamwonyesha nilivyolala mdomo wazi, akaniangalia kwa muda mrefu. Kwamba Abdulwahab alitia kichwa kwenye ndoo tangu bandarini, pazia limefungwa, hakuiona bahari hata tone. Hili la mwisho ndilo pekee lililonifariji.

Lakini Dada! Dada aliniita. Alinitikisa. Nilipokataa kuamka akaondoka peke yake, anapapasa ukuta, meli inamrusha, hadi akafika kwenye ngazi. Akaanguka. Masanja ndiye aliyemkuta amekaa ngazini, goti linavuja damu, akamshika kiwiko na kumpandisha juu kwenye mvua, akamfunika shuka lake.

Nilimkuta na bandeji. Nilisema, "Dada, nisamehe. Umeona nini basi?"

"Nimekiona kisiwa," akasema. "Masanja alinigeuza kichwa hadi nikakipata. Kidogo, cheusi. Kama mgongo wa kiboko."

"Kilikuwa kizuri?"

"Kilikuwa kisiwa, Magembe."

Abiria wote wananidai nyama, ibada na ghorofa. Nimezima simu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua haijakatika. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti changu, goti limevimba, gauni la harusi limeanikwa ndani na halikauki. Nikamwandalia chai, nikaiweka mkononi mwake kabisa.

Akaniambia, "Mdogo wangu, asante kwa safari. Sasa nisikilize, usinikatize."

Nikaketi chini.

"Mimi bahari sikuitaka. Uliitangaza mbele ya watu, ningesemaje? Ninachotaka ni uje kwangu Jumapili. Tutembee wote. Kutoka mlangoni hadi kisimani, kutoka kisimani hadi shambani, hadi kanisani. Unishike mkono, tupite tena na tena, mpaka miguu yangu izijue njia kabla macho hayajazima. Basi. Wewe na mimi. Nitakupikia mihogo."

Nililia. Sioni aibu kuandika. Nililia kama siku ile ya Kishapu, na Dada akanitafuta kichwa kwa mkono, akakipata, akakipapasa.

Nimemwapia. Kila Jumapili. Kuanzia Jumapili hii hii. Nimekuwa mjinga, lakini sasa nimeelewa. Mtu akipenda amwulize mwenzake anataka nini, halafu afanye hilo hilo. Ni jambo rahisi sana! Kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia?

Leo mchana Masanja alikuja kumrudisha Dada Maneromango kwa gari la kaka yake la kupelekea ng'ombe mnadani. Hakunisalimia.

Jumapili, 4 Mei

Jua, hatimaye! Vyura wamehama kiwanjani.

Sikwenda Maneromango. Ningeenda, viatu vilikuwa tayari mlangoni, lakini asubuhi nilipita stesheni ya Soga kumtafuta mteja wa kiwanja, na pale nikakutana na bwana mmoja anayeandaa ziara za treni za kwenda Dodoma. Safari ya siku moja. Atakayeleta abiria ishirini anasafiri bure na mwenzake. Kiti cha dirishani!

Nilisimama pale mpaka treni ikapita. Imenyooka kama rula. Treni haina mawimbi! Kosa langu lote lilikuwa maji. Dada ataketi, ataona milima ya Morogoro, ataona mbuga, na sitameza kidonge hata kimoja. Njia za kisimani zipo tu, hazihami. Milima inataka macho.

Masanja amenipigia. Ndiye aliyekwenda leo. Wametembea na Dada hadi kisimani mara nyingi, na mara ya mwisho Dada alitangulia mwenyewe, Masanja nyuma. Kasema atakwenda na Jumapili ijayo, kwa kuwa ananifahamu. Namwonea huruma Masanja. Mtu mwema, lakini hana upeo.

Abdulwahab tayari kasikia habari za treni, na naambiwa naye anatafuta watu. Sina muda wa kupoteza. Kesho naanza na kwaya, wameshapoa. Nitawaambia behewa zima ni la ibada.

Nimempigia Dada kumwambia afungashe. Kwenye simu nikasikia kuku tu.

Furaha imemzidi.