Timu ya Kashai Isiitwe Jina la Sabuni

Kashai, Bukoba
Jumatatu, Novemba 1954

Bwana Mhariri,

Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza, maana habari hii ina uzito. Mimi ni Omary, fundi baiskeli wa hapa Kashai, zamani askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Mpira nimeuona ukichezwa Nairobi, nimeuona Kolombo, na huko Burma nilifunga goli katika kijiji ambacho mpaka leo jina lake sijaweza kulitamka. Shule niliiacha darasa la tatu, baada ya kuona mwalimu ameanza kurudia mambo. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyetembea.

Ninaishtaki kampuni. Jina lake silitaji, kwa heshima tu. Ni ile yenye kinu cha kukoboa kahawa, malori, duka la vitambaa, na sasa kiwanda cha sabuni. Mwaka jana iliichukua timu yetu ya Kashai, na sikufichi, aliyeshangilia kuliko wote nilikuwa mimi. Tulipewa viatu, jezi, na lori la kutupeleka Muleba. Nani angekataa? Lakini tangu siku hiyo hatujamfunga mtu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Timu inapangwa kwa vyeo. Bwana Ishengoma, Karani Mkuu, ndiye sentafowadi, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumweka nyuma ya watu anaowaandikia mshahara. Ni muungwana, Mlutheri wa kweli, na sauti yake ya besi kanisani inatikisa madirisha. Ila mpira ukimjia, kwanza anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, ndipo anauliza umeelekea wapi. Kinu kimedai mabeki, malori yamedai mawinga, na sabuni ikapewa kipa, kijana mwema ambaye kila kitu kinamponyoka mkononi. Kipa wetu Zahoro, aliyekuwa akidaka hata matone ya mvua, anatazama mchezo akiwa nje na kapu lake. Yeye ni muuza samaki, na kampuni haina idara ya samaki.

2. Kampuni hiyo hiyo imeichukua na timu ya Muleba. Bwana Meneja alitueleza uwanjani kwamba kampuni ni mama, na mama hapendi kuona mtoto wake akimpiga mwenzake. Maneno mazuri. Lakini mama wa namna hiyo anawapeleka watoto uwanjani kufanya nini? Shemeji yangu Kokushubila, dada wa mke wangu, ameolewa Muleba. Zamani kila tukifungwa alinitumia salamu: “Omary waitu, njoo uchukue magoli yenu, yamejaa nyumbani hata pa kulala hatuna!” Nami zamu yangu ikifika nilimjibu vibaya zaidi. Huo ndio ulikuwa ushemeji wetu. Sasa ananitumia ndizi tu, kama mgonjwa.

3. Hili ndilo lililotumaliza. Bwana Meneja alisikia kwamba sisi Wahaya tunafunga undugu kwa kahawa. Basi baada ya mazoezi akazipanga timu zote mbili, mchezaji wetu uso kwa uso na mchezaji wa Muleba, akawagawia buni za kutafuna, akaamuru kila mmoja apasue ganda, abaki na punje moja na kumpa mwenzake ya pili. Hapo bado ilikuwa salama. Lakini alitaka jambo likamilike, akasema punje zipakwe damu, kwa kuwa magoti yote yalikuwa yamechubuka. Bwana Ishengoma ni Mhaya, anajua. Alifungua kinywa kumzuia, kisha akakumbuka yeye ni karani, akasema, “Ndiyo, Bwana.” Wakapaka, wakatafuna, wakameza.

Bwana Mhariri, wewe labda ni mtu wa pwani, acha nikueleze. Huo ni omukago. Mlioufunga mmekuwa ndugu wa damu, na ukimdhuru mwenzako tumbo lako linavimba. Sasa utamkwatuaje?

Mechi ikaja. Buberwa wa Muleba akashuka na mpira mbio, akakutana na beki wetu Lukmani, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa akipita kama ng'ombe aliyekata kamba. Lukmani akampisha, akamuuliza hali ya watoto. Buberwa akafika golini peke yake, akaona haya kuvunja nyumba ya ndugu yake, akarudi na mpira akamkabidhi Lukmani kwa mikono miwili. Refa akapiga filimbi kwa kuwa ameushika. Wote wawili wakamwomba refa asigombe. Mama Sada, muuza vitumbua, akapaza sauti: “Lukmani, mtandikie na mkeka apumzike!” Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Ikawa bila kwa bila. Tukarudiana Muleba, bila kwa bila, na chakula juu.

4. Jumamosi hii tunakutana mara ya mwisho. Tukitoka sare tena, kampuni imetangaza kwamba itaziunganisha timu mbili ziwe moja, kupunguza gharama, na itaitwa Povu Jeupe, jina la sabuni yao. Kashai itafutika! Marehemu baba aliichezea Kashai peku. Mimi nimeichezea. Lukmani amemwita mwanawe wa kwanza Kashai. Huyo mtoto naye aitwe Povu?

Kwa hiyo naomba gazeti lako liiambie kampuni ituachie timu yetu kabla ya Jumamosi. Timu ni mali ya watu. Mwenye mali akianza kupanga nani acheze wapi, na kubandika jina lake kwenye jezi, huo si mpira tena, ni duka lenye magoli mawili.

Nisalimie wachapaji wako, mama watoto, na yule anayefagia ofisi, maana bila yeye ungeisoma barua hii vumbini. Wa hapa wote wazima, hata wanaoninunia.

Mimi mwenye uchungu na mpira,
Omary, Fundi Baiskeli

N.B. Leo ni Alhamisi na barua bado sijaituma. Usiichape. Nilimsomea Bwana Meneja, akasikiliza hadi mwisho, akanipa timu. Mimi mwenyewe, bure, pamoja na jezi! Nimeanza kazi mara moja. Sentafowadi atakuwa Mutalemwa, kaka wa mke wangu. Hajawahi kucheza, lakini siwezi kumweka shemeji mkubwa nyuma. Jina jipya ni Baiskeli za Omary. Lukmani amenijia juu, nikamwondoa. Badala ya barua, tafadhali chapa tangazo dogo: Baiskeli za Omary inatafuta beki, haraka, kabla ya Jumamosi, asiye na ndugu Muleba.